Nilivyopanda Hatta na Mbeleko

Nilikuwa nimekaa Naif, mtaa mmoja wa Dubai, miezi chungu nzima, chumba kimoja na mume wangu na mtoto wetu mdogo, kwa hiyo Ijumaa ile tuliyokwenda Hatta, milimani kule mpakani na Oman, sikutaka hata kupepesa macho njiani. Tukafika kwenye kijiji cha kale cha watu wa milima: nyumba za mawe, msikiti mdogo wa udongo, na mnara juu ya kilima. Nikasema lazima nifike pale juu.

Kigari cha mtoto kikagoma kwenye mawe kabla hatujafika popote.

"Wewe baki kwenye gari unyonyeshe," mume wangu akasema. "Nitakupigia picha."

"Picha nizile?" Nikavua kanga begani, nikamfunga mtoto mgongoni.

"Hapa Dubai, siyo Mbagala! Watu watakuonaje na mbeleko?"

"Wakuone wewe na kigari chako!"

Nikapanda na hasira zangu, jasho likinitiririka. Kule juu zikaniisha zote. Milima ya kahawia ilifuatana mpaka Oman, na mtoto alikuwa akiuchekea upepo. Nikapiga vigelegele. Kule chini, mume wangu akanipungia mkono nishuke.

"Panda wewe!" nikamjibu. "Mimi bado sijashiba!"