Kioo Kilichotazama Paa

Gari langu la kwanza lilikuwa kuukuu, jeupe, lenye mlango mmoja wa kijani uliotoka kwa gari lingine. Nililinunua kwa ajili ya masweta. Mimi ni fundi wa kufuma masweta ya shule, nina kibanda sokoni Kiptere, na kabla ya hapo mizigo yangu yote ilikwenda kwa bodaboda, gunia likiwa nyuma na mimi nimebanwa katikati nikikumbatia mgongo wa dereva.

Stata ilikuwa imekufa kabla sijakutana na gari hilo. Halikuwaka ila kwa kusukumwa au kuteremshwa mlimani, na namshukuru Mungu kwamba naishi nchi ya milima. Wengine hutafuta kivuli cha kuegesha gari. Mimi nilitafuta mteremko. Nilihama kanisa la karibu na nyumbani nikaanza kusali katika lile la juu, kwa sababu uwanja wa lile la chini ni tambarare. Mchungaji wangu wa zamani anaamini hadi leo kwamba tulikosana kwa mambo ya mafundisho.

Pia lilikuwa na waipa moja, ya upande wa abiria. Huku kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri, kwa hiyo kila alasiri niliendesha nikiwa nimelalia bega la mke wangu ili nione barabara. Watu waliotuona walidhani tunapendana kupita kiasi. Mke wangu alisema ningenunua waipa ya pili kama ningekuwa na aibu.

"Hii gari yako ni ya kuendeshwa ama ni ya kusukumwa?" jirani yangu muuza viazi aliniuliza siku moja, akiwa tayari ameweka mikono kwenye buti.

"Ni ya familia," nilimjibu. "Sukuma."

Nililipenda sana. Nililiosha hata siku ambazo halikuwa limeenda popote.

Sasa, mama mkwe wangu anaishi upande wa Ndanai, na wakati huo macho yake yalikuwa yanakufa. Alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili. Alikamua ng'ombe wake kwa kupapasa, na alikuwa ameanza kuwasalimu watu kwa kusikiliza nyayo. Daktari wa macho katika hospitali moja mjini Kericho alisema jicho moja linaweza kufanyiwa upasuaji mara moja, likipona lifuate la pili. Lakini kuna mwanamke kijijini aliyemwambia kwamba madaktari hulitoa jicho, wakaliweka kwenye sahani, wakalisafisha, na wakati mwingine wakasahau ni la nani. Tangu hapo mama alikataa. Mke wangu alimbembeleza kwa simu jioni baada ya jioni, mpaka akakubali kwa sharti moja: apelekwe na gari la nyumbani, maana hataki kulia mbele ya wageni. Tulijua kwamba gari likishindwa kufika, hatakubali tena.

Hapo ndipo shida yangu ilipoanzia. Sisi tulitoka milima ya Kisii, na kwetu mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa kukaa mbali. Hampeani mikono, hamketi karibu, hamkaziani macho. Siku ya harusi nilitazama viatu vyangu, naye akatazama vyake. Kila nilipokwenda kwao baadaye nilisalimia nikiwa mlangoni, nikapelekewa chai chini ya kibanda cha mahindi. Mama huyu aliijua sauti yangu na harufu ya sufu kwenye nguo zangu, basi. Sasa nitakaa naye ndani ya kijigari kimoja kutoka Ndanai mpaka Kericho, na mbele yangu pana kioo cha kuonyesha kiti cha nyuma.

Asubuhi ya safari, alipoingia akaketi nyuma na binti yake, nilikigeuza kile kioo kikatazama paa.

"Unaficha nini?" mke wangu akaniuliza. "Mama haoni."

"Mimi naona," nikasema.

Tuliondoka, mimi mbele peke yangu na waipa yangu ya upande usio na mtu. Mazungumzo yote yalipitia kwa mke wangu, ingawa mama alikuwa anapumulia kisogoni kwangu.

"Mwulize mume wako kama tumefika Sotik."

"Mwambie mama tumeshapita."

"Mwambie asiendeshe kama anayefukuzwa."

Siku hiyo mvua haikungoja alasiri; ilitukuta tulipoingia kwenye mashamba ya chai. Nililala upande wa kushoto kama kawaida yangu, safari hii bila bega la kulalia. Lori la majani mabichi lilikuwa nyuma yetu likipiga honi, nami sikuliona kwa sababu kioo kilikuwa kinachunguza paa. Lilipotupita kwa kishindo nilikimbilia pembeni, mguu ukateleza kwenye klachi, na gari likazima.

Nikatazama mbele, nikatazama nyuma. Katika nchi yote hii ya milima, gari lilikuwa limetuzimikia mahali pa tambarare.

Daktari alikuwa anamngoja asubuhi ile, na mama alikuwa ameanza kupapasa mlango kama mtu anayefikiria kurudi nyumbani. Mke wangu akavua viatu, akashuka kusukuma. Gari likasogea kidogo, likakataa. Kisha nikasikia mlango wa pili ukifunguliwa.

"Mama, kaa ndani," mke wangu akasema.

"Nionyeshe tu pa kushika. Mikono yangu haina mtoto wa jicho."

Sijawahi kuona aibu namna ile. Mwanaume mzima nimeketi nikishika usukani, mama mkwe wangu yuko kwenye matope ananisukuma. Gari likaguruma, likashika. Sikuweza kusimama, kwa kuwa lingezima tena, na sikuweza kuwaona. Sikujua kama ameanguka. Nilienda polepole mpaka mteremko ulipoanza, nikavuta breki ya mkono, nikangoja.

Nilichosikia ni kicheko. Walikuja wameshikana mikono, wamelowa chapachapa, na mama alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka.

"Mwambie mume wako," alisema akiingia, "kama nimeweza hii, hicho kisu cha daktari ni kitu gani?"

Alifanyiwa upasuaji siku hiyo, akalala hospitali na binti yake. Mimi nililala kwenye gari, ambalo nilikuwa nimeliegesha kwenye mteremko karibu na geti, na niliomba sana. Niliogopa kwamba kama jicho lingekataa kuona, sisi ndio tungekuwa tumemburuta.

Kesho yake walitoka, bandeji imeondolewa. Nilitazama viatu vyangu mpaka walipokwisha kuketi.

"Mkwe wangu," mama akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza yeye kusema nami moja kwa moja. "Mwulize mama anataka nini," nikamwambia mke wangu.

"Mwulize mwenyewe," mke wangu akajibu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka kulia.

"Geuza hicho kioo," mama akasema. "Sikukubali kukatwa jicho ili nije kutazama paa."

Nilikishusha taratibu; ndani yake likapita sikio la mke wangu, likapita bega lenye leso, mwishowe likatulia jicho moja, jekundu, lenye machozi, limenikazia. Heshima yote niliyofundishwa iliniambia nitazame chini. Sikutazama chini. Nilifurahi kupita kiasi.

Alinikagua kwa muda mrefu, kuanzia kwenye paji la uso.

"Kumbe umeota mvi," akasema. "Na mimi miaka yote hii namwombea kijana."

Nikaachilia breki ya mkono, tukaanza kuteremka.