Shangazi Alipofundishwa kwa Msonyo

Mzee Hatamu alikuwa na mdomo mzito na mikono myepesi. Miaka thelathini na moja alifanya kazi katika banda moja la farasi, lile la watu wanaokuja kujifunza kupanda, na hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti, kwa mnyama wala kwa mtu. Jina la kuzaliwa lilibaki kwenye vyeti. Hatamu ndilo lililomganda, maana hata siku ya mapumziko ungemkuta na hatamu begani, kama fundi cherehani na utepe wake wa kupimia.

Nyumbani mwenye sauti alikuwa mkewe, na sauti yenyewe ilikuwa msonyo. Usidhani ni msonyo wa hivi hivi. Ulianzia nyuma ya magego, ukapita kwenye meno ukijivuta, ukatokea mbele umekamilika, na aliyesonywa alibaki akijitazama nguo. Mlango ukiachwa wazi, msonyo. Mume akisahau sabuni dukani, msonyo.

"Mama yenu akisonya kwa ufupi, kaeni," Mzee Hatamu aliwafundisha wanawe. "Akisonya kwa urefu, tokeni nje mkatafute kazi."

Wanawe walishaoa na kuolewa, wakaenda zao. Waliobaki ni wao wawili nyumbani, na kule bandani alibaki Shangazi.

Shangazi alikuwa farasi jike wa kijivu. Alipewa jina hilo na Mzee mwenyewe, kwa jinsi alivyokuwa akimtazama kila aingiaye: kama shangazi aliyefika bila taarifa akakuta vyombo havijaoshwa. Alikuwa amezeeka, mgongo umebonyea, ndevu nyeupe kidevuni. Na sasa ukwato wake wa nyuma, wa kulia, ulikuwa unaoza kwa ndani. Ukisimama karibu, harufu ilikupokea kabla yake.

Daktari wa mifugo, binti wa watu mwenye buti kubwa kuliko miguu yake, alisema dawa ipo. Ila ukwato uinuliwe kila siku, uchokolewe, uoshwe, upakwe. Na Shangazi hakuwa anampa mtu mguu ule.

"Sindano ya usingizi naweza kumpa mara moja," daktari akasema. "Kila siku siwezi. Moyo wake umechoka."

Kwa nini alikataa, Mzee Hatamu alijua. Miaka mingi nyuma alipita fundi wa kwato mwenye haraka, akamfunga mguu ule kwa kamba, akamwangusha chini kama gunia. Aliyeshika kamba ya kichwani siku ile alikuwa Mzee Hatamu. Aliambiwa shika, akashika. Hakuwahi kulisema hilo, lakini kila alipopita nyuma ya farasi yule alipita kwa kuomba radhi.

Bosi, mwenye banda, alikunja mikono. "Wiki tatu, mzee. Asipoinua mguu, tumpumzishe. Samaki hukunjwa angali mbichi, na huyu keshakauka."

Neno hilo la kumpumzisha kila mtu bandani alijua maana yake: sindano ya mwisho, asiamke tena.

Daktari akatoa mfukoni kidude cha plastiki, kidogo kama kiberiti, ndani kina ulimi wa bati. Akakiminya: tak! "Mbwa wangu nimemfundisha kwa hiki, mzee wangu. Farasi ni vilevile. Kwanza unakiliza, unampa karoti. Unakiliza, unampa. Mpaka akisikia tu, sikio linageuka. Hapo amejua sauti ni ahadi. Halafu unasubiri afanye jambo zuri mwenyewe. Akiegemea mguu mwingine, tak. Ukwato ukiacha ardhi, tak. Ukikaa juu kidogo, tak. Humvuti, humpigi. Lakini uwe mwepesi! Kile anachokifanya sauti inapolia, ndicho anachojua umekipenda."

"Nimekuelewa, mwanangu," akasema Mzee Hatamu, na kweli alielewa. Tatizo halikuwa kichwa, lilikuwa dole gumba. Lilivunjwa na komeo la mlango zamani, likaunga vibaya, gumu kama msumari. Kichwa kilisema sasa, dole likasema subiri kwanza. Mkono wa kushoto nao ulikuwa na kazi ya kushika karoti.

Wiki ya kwanza ikaisha. Daktari aliporudi, alisimama mlangoni akatazama. Shangazi akainua ukwato kidogo. Mzee akahangaika na kidude. Shangazi akaushusha, puu! Ndipo kidude kikalia tak, na karoti ikatoka.

"Mzee wangu," daktari akasema taratibu, "unamsifu kwa kushusha."

Na kweli. Shangazi alikuwa ameiva: alikanyaga chini kwa nguvu zote, kisha akanyoosha midomo kudai haki yake. Wiki nzima Mzee Hatamu alikuwa akifundisha kwa bidii kile kile asichokitaka. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akakitazama kile kidole. Utakigombezaje kidole chako mwenyewe?

Siku ya pili yake alijaribu tena. Ukwato ukainuka, tena vizuri, na dole likagoma kabisa. Kwa uchungu, Mzee Hatamu, mtu asiyepandisha sauti, akakisonya kidole. Msonyo ule ule wa mkewe. Miaka arobaini ya ndoa, alikuwa ameuhifadhi mwilini bila kujua. Na ulitoka wakati ule ule, ukwato ungali hewani.

Sikio la kijivu likageuka. Mzee akaduwaa. Kisha akatoa karoti.

Toka hapo kidude kilikaa mfukoni. Meno yake, bahati njema, yalikuwa mepesi kuliko vidole. Ukwato ukiinuka, msonyo, karoti. Ukikaa juu mpaka hesabu ya tatu, msonyo, karoti. Mpaka ya kumi. Daktari alishamwambia kuwa sauti ikilia kazi imekwisha, mnyama ana ruhusa ya kushusha na kula. Kwa hiyo Shangazi alijifunza kusubiri msonyo mguu ukiwa juu, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa jina. Siku za mwisho alishaweza hata kuoshwa kwa juu juu na kupakwa dawa.

Hakumwambia mtu. Angesemaje? Bosi alishamfukuza mfanyakazi kwa sababu ya kusonya. Na nyumbani ndiyo kabisa: angempa mkewe neno la kutembea nalo mpaka kaburini. Akaukalia kimya, akijiambia mguu ukishapona hakuna atakayeuliza njia.

Wiki tatu zikafika, mchana. Daktari alikuja na visu vyake vya kwato. Bosi akasimama kando, mikono imekunjwa. Mkewe Mzee Hatamu naye alikuwa amemletea mumewe chakula, akabaki mlangoni na kikapu.

Mzee akagusa paja la Shangazi. Ukwato ukapanda, ukatulia kwenye goti la daktari. Bosi akainama kutazama. Akaona ule weusi, harufu ikampiga, akasonya.

Basi. Shangazi alishusha mguu, akageuka, akamnyooshea bosi midomo mpaka kwenye mfuko wa shati kutafuta karoti.

"Mnaona?" bosi akaruka nyuma. "Anatufanyia mzaha! Nimeona ya kutosha. Daktari, andaa sindano."

"Alikuwa ametulia kabisa," daktari akasema. "Sijui kimempata nini."

Mzee Hatamu alijua. Alikuwa yeye peke yake duniani anayejua. Aliambiwa shika, akashika; sasa ataambiwa nini tena ashike?

"Bosi," akasema. "Usimsonye."

"Unasemaje?"

"Ukimsonya unamwambia vizuri, imekwisha, njoo ule. Nimemfundisha kwa msonyo. Kidole hakikuweza. Nilijifunza nyumbani."

Daktari akaziba mdomo. Bosi akatazama huku na huku kama aliyepotelewa na mlango. Kule mlangoni kikapu kikawekwa chini polepole.

"Mara moja tu," Mzee akasema. "Asisonye mtu."

Ukwato ukapanda tena. Daktari akachokoa, akakata, akachokoa. Hakuna aliyepumua kwa nguvu. Shangazi hakutikisika, sikio moja tu limeelekea nyuma, kwa Mzee wake. Hesabu ya kumi ikapita, ya hamsini ikapita. Bosi mwenyewe akanong'ona, "Mzee, umeweza."

Kisha kisu kikasimama. Daktari akaingiza chuma chembamba, kikazama mahali ambapo hakikupaswa kuzama. Akakichomoa polepole.

"Imeingia kwenye mfupa, mzee wangu," akasema. "Si ya wiki hizi tatu. Hata kama angetupatia mguu siku ile ya kwanza... Kesho asubuhi nitakuja. Asiendelee kuumia."

Akaondoa goti lake. "Mwache ashushe."

Lakini Shangazi hakushusha. Alikuwa hajaambiwa. Alisimama na ukwato wake hewani, paja likianza kutetemeka, akisubiri kama alivyofundishwa. Mzee Hatamu akakaza midomo. Ukatoka upepo mtupu. Akajaribu tena. Kinywa kilikuwa kikavu kama majani ya mwaka jana.

Akageuka mlangoni. "Mama watoto," akasema. "Nisaidie."

Miaka arobaini, hakuna aliyewahi kumwomba msonyo. Alimtazama mumewe, akamtazama na yule farasi. Akasonya: mfupi, laini, wa kuambiwa kaeni.

Ukwato ukatua taratibu. Shangazi akageuka, akanyoosha midomo. Mzee Hatamu akainua ndoo ya karoti, akampa moja, akampa nyingine, na mkewe akaja kuishikilia ile ndoo kwa upande wa pili, mpaka zikaisha.