Mchorongaji wa Kishapu Anayejifunza Kupinduka Majini

Ng'ombe wameshakunywa na kuondoka, wameacha maji ya lambo yana rangi ya chai ya maziwa. Ni asubuhi nje kidogo ya Mhunze, wilayani Kishapu, na jua limeshaanza kuuma. Ndani ya maji yanayofika kifuani, mtu mzima na ndevu zake amefungwa mkanda kwenye kiti cha lori bovu. Amekodoa macho. Anangoja kupinduliwa.

"Ngosha, uko tayari?" anauliza mwanamke aliyeshika mguu wa kiti, akimwita kwa jina wanaloitwa wanaume wa Kisukuma.

"Bado kidogo."

"Helikopta haitaisubiri hiyo bado kidogo yako."

Kiti kinageuka. Kichwa chini, miguu juu, mapovu yanapanda. Mkono wake wa kulia unapigapiga chuma kilicho pembeni, unapapasa, unatafuta kitu. Mkanda hauguswi. Mwanamke anavumilia mpaka uvumilivu unamwishia, anamkamata ukosi na kumwinua.

"Mkono umekwenda wapi leo?"

"Kulekule, Zipora," anajibu huku akikohoa maji. "Mkono huu utaniumbua."

Usicheke, msomaji. Wachungaji wameshacheka vya kutosha. Siku za kwanza walivumisha kwamba Makoye Sayi anaogeshwa dawa ya utajiri, na mzee mmoja akatuma mtu kuulizia mganga anatoza kiasi gani. Kumbe Makoye anatafuta kazi tu, na kazi yenyewe iko baharini.

Makoye ni mchorongaji wa miamba. Nusu ya maisha yake amesimama mbele ya mtambo, akitoboa ardhi ya Geita na Kahama ili wataalamu wajue dhahabu imelala wapi. Uzalishaji wa mgodi wa Buzwagi ulipokoma, alirudi nyumbani kungoja simu. Simu haikulia. Akaangukia kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya wachimbaji wadogo, siku njema elfu kumi, siku mbaya vumbi tu kifuani.

Kukaa bure hakuwezi. Ukizungumza naye anasimama, anakaa, anasimama tena, anaikagua simu yake kama ina chaji. Jirani yake Adam, fundi wa kuchomelea, anasema Makoye alishawahi kurekebisha geti lake mara tatu ilhali halikuwa na kasoro.

Mwaka huu simu ikalia. Bosi wake wa zamani alikuwa amempendekeza kwa mkandarasi anayekusanya wachorongaji wazoefu. Meli ya kuchoronga inajiandaa kwenda kwenye kina kirefu, upande wa visiwa vya volkano vya Komoro, kutafuta kama chini ya bahari kuna mafuta.

"Kama yapo," anasisitiza Makoye, kidole juu. "Hakuna anayejua. Mafuta hayakai ndani ya lile jiwe jeusi la volkano. Yanatafutwa chini yake, kwenye matabaka ya tope na mchanga wa kale. Sasa ile volkano ilipopanda ilileta moto. Moto wa kiasi unayapika mafuta yakaiva. Ukizidi, unaunguza kila kitu."

"Kama makande," anadakia Zipora.

"Kama makande. Na huwezi kufunua sufuria mpaka utoboe, maji yenyewe kina chake zaidi ya kilometa mbili. Nataka niwepo siku hiyo. Nione jiwe ambalo halijawahi kuonwa na mtu tangu dunia iumbwe."

Tatizo ni moja. Melini watu hupelekwa kwa helikopta, na hapandi mtu mpaka afaulu jaribio la kujiokoa. Unafungwa kwenye kibanda kilichotengenezwa mfano wa helikopta, kinashushwa bwawani, kinapinduliwa. Unafungua mkanda, unatokea dirishani. Basi.

Makoye alikwenda Dar es Salaam kifua mbele. Kibanda kilipopinduka wenzake wakatoka mmoja mmoja. Yeye alibaki ndani akipiga ukuta kwa kiganja. Mzamiaji akamchomoa. Akarudishwa ndani, akapiga ukuta tena.

"Kila mtu alidhani nimerukwa na akili," anasema. "Mimi nilikuwa nazima mtambo."

Anayejua kazi ya uchorongaji ataelewa. Mbele ya mchorongaji, upande wa kulia, kuna kitufe kikubwa chekundu. Mnyororo ukikatika, nguo ikinaswa, ukisikia tu mlio usiouelewa, unakipiga. Maswali baadaye. Makoye alifundishwa hivyo akiwa kijana, na kitufe hicho kiliwahi kuuokoa mkono wa mwenzake pale Geita. Sasa kila hatari inapomkuta, mkono unakwenda wenyewe mahali pa kitufe. Ndani ya helikopta iliyopinduka hakuna kitufe, na mkanda unangoja.

Alipewa nafasi moja ya mwisho. Jumapili hii anapanda basi kwenda Dar, Jumatatu anapumzika, Jumanne anafungwa tena mkanda. Akishindwa, nafasi yake inapewa mwingine, naye atarudi kwenye karasha.

Ndipo akamwendea Zipora, muuza dagaa wa gulioni, Mzinza aliyezaliwa ufukweni mwa ziwa upande wa Nkome. "Mimi nilijua kuogelea kabla sijajua kuosha vyombo," anajigamba. Malipo yake ni Makoye kumbebea magunia siku ya gulio. Adam akachomelea kiti ndani ya fremu ya chuma yenye uwazi wa ukubwa wa dirisha. Muuguzi alipomwonya Makoye kuhusu kichocho, Zipora akasema kichocho kina dawa, kuzama hakuna.

Mtu mmoja hajawahi kukanyaga lamboni. Ni mkewe, Eufrasia, ambaye majirani wanamwita Mama Blessing.

Nilimkuta nyumbani akipepeta choroko. Alinikaribisha vizuri, akanipa kigoda, lakini nilipotaja bahari ungo ukasimama.

"Nchi kavu yote hii imekosa kazi ya kumpa?" aliuliza.

Aliuweka ungo chini. Akaniambia habari za kaka yake, Donatus. Alikuwa mchimbaji mdogo mkoani Geita. Mvua ilinyesha, maji ya shimo la jirani yakabomoa ukuta na kulijaza duara lake, ndilo shimo la kuchimbia, yeye akiwa chini.

"Alikuwa na kamba kiunoni," alisema Eufrasia. "Kamba nzima, haikukatika. Waliokuwa juu walikimbia. Hapakuwa na mtu wa kuivuta."

Makoye, aliyekuwa kajiegemeza mlangoni, aliinuka akatoka uani. Tulimsikia akizunguka nyumba, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Unamsikia?" alisema mkewe kwa sauti ya chini. "Ndivyo anavyozunguka usiku. Nikimkataza ataniozea hapa ndani. Nikimruhusu, je? Naogopa, ndugu yangu."

Sasa turudi lamboni, kwa sababu asubuhi hiihii, Makoye akiwa bado anatema maji, wachungaji wanageuza shingo wote kwa pamoja. Eufrasia anateremka ukingoni. Amejifunga kitenge mara mbili. Hasalimii mtu.

"Mwangaluka, Mama Blessing," Zipora anamsalimu kwa Kisukuma, kwa tahadhari.

"Mwangaluka. Nipishe hapo."

Anaingia majini na nguo zake. Anaushika mguu wa kiti alioushika Zipora, na Adam, aliyekuwa kando akitazama, anashika upande wa pili. Makoye anamtazama mkewe asiamini.

"Mama Blessing, maji haya..."

"Funga mdomo, yataingia."

Wanampindua. Mkono wa kulia, mwanaharamu yule, unakwenda kulekule. Eufrasia anauona kwa macho yake ukipapasa chuma kitupu, na hasubiri. Anamvuta mumewe kwa nguvu mpaka shati linachanika begani.

Hamgombezi. Anaushika ule mkono na kuuweka kwenye ukingo wa dirisha, anavifunga vidole kimoja kimoja.

"Huu kazi yake ni hapa. Mkanda utafunguliwa na wa kushoto. Huu ukibanduka hapa kabla hujatoka, nitaukata nikauchemshe."

"Mkufunzi naye alisema hivyo," anakiri Makoye. "Nilikuwa naitikia tu."

"Leo usiitikie. Shika."

Hampi nafasi ya kusema bado kidogo. Kiti kinapinduka. Mapovu yanapanda, yanapungua. Adam anamtazama Zipora, Zipora anamtazama Eufrasia, na Eufrasia amenyoosha mikono yote miwili juu ya maji, hajamgusa. Midomo yake inasali.

Kisha maji yanafumuka upande wa dirishani. Kichwa, ndevu, mabega. Mkanda unaelea nyuma yake. Wachungaji wanapiga mbinja, Zipora anapiga vigelegele, na Makoye anacheka na kukohoa kwa pamoja.

"Nimetoka! Mke wangu, umeona? Wabeja sana, asante sana! Nimetoka mwenyewe!"

Eufrasia analia, wala hajifichi. Anajifuta kwa kiganja chenye matope na kumwonyesha mumewe kiti.

"Umetoka mimi nikiwepo," anasema. "Kule sitakuwepo. Rudi ukae."