Mwaridi Katika Chumba cha Eda

Baba yangu alikuwa dereva wa lori la pamba. Aliizoa vijijini, Buteba na Masaba, akaipeleka kwenye kinu cha kuichambua, na kule Busia alivuka upande huu na ule kama mtu anayekwenda kuomba moto kwa jirani. Enzi hizo Mwingereza ndiye aliyekuwa mkubwa pande zote mbili, Kenya na Uganda, na mpaka wenyewe sisi hatukuuona. Siku moja alirudi nyumbani Tororo na kijiti chenye miiba, amekizungushia tambara bichi. Alikiomba kwa Mhindi mmoja mwenye duka Busia, aliyepanda maua uani kwake.

Mama akakitazama kijiti, akamtazama mumewe.

“Wenzangu waume zao wanawaletea kanga,” alisema. “Mimi nimeletewa kuni. Tena moja!”

Hiyo ndiyo ilikuwa asante yake. Ulimi wa mama ulijulikana soko zima, na wauza samaki walianza kujitetea kabla hajafika. Alikichomeka kijiti kwenye debe la mafuta ya taa lililotobolewa chini, akaliweka barazani, na kila asubuhi akakimwagilia maji huku akikigombeza. Kikachipua, ikawa hana budi kukubali kwamba ni mwaridi.

Kisha homa ikamchukua baba. Ilikuwa msimu wa mvua, na ilimchukua upesi mno hata hatukuwahi kuzoea neno mgonjwa. Mama akaingia eda katika chumba cha nyuma. Wakati wa matanga, watu wakiwa wamejaa uani, mbuzi wa jirani alipanda barazani akautafuna mwaridi mpaka karibu na shina. Jamani, mbuzi hana matanga. Nikalibeba debe nikaliingiza chumbani kwa mama, nikisubiri anitukane kwa nini sikuchunga. Akageukia ukutani.

Watu waliusifu moyo wangu eti napenda mimea. Mimea gani! Nilikuwa naogopa. Bakuli la uji liliingia kwa mama limejaa, likatoka limejaa. Jirani yetu Mkristo, mama aliyetoka kijiji cha Kisoko, alituletea unga wa wimbi mzuri mwekundu, na uji wake pia ukapoa ukaganda. Mikono ya mama ilikonda mpaka bangili zikawa zinashuka zenyewe. Nilikwisha kumzika baba. Sasa mama naye alikuwa anaponyoka mbele ya macho yangu, na kitu pekee alichokitazama mle ndani kilikuwa lile debe. Nikajiambia, huo mwaridi ukifa, mama atausindikiza.

Chumba kilikuwa na dirisha moja dogo la ubao, na dirisha lilikuwa mikononi mwa shangazi. Huyu dada yake baba alikuja kumsimamia wifi yake, na alijua masharti yote ya eda, pamoja na mengine ambayo nadhani aliyatunga mwenyewe. Njia ya sokoni ilipita nyuma ya nyumba, wanaume wanapita, kwa hiyo dirisha lifungwe. Hilo nilielewa. Lakini hata saa ambazo njia ilikuwa tupu alilifunga.

“Mwenye eda jua lisimwone,” alisema.

“Shangazi, nani kakwambia jua ni mwanamume?”

Nilikuwa msichana mkubwa, nimekwisha kuchumbiwa, na bado alinifinya sikio.

Mwaridi ukatoa vichipukizi vyembamba, vyeupe, vimejinyoosha vyote upande mmoja kuelekea ufa wa dirisha. Nikaona jibu ni rahisi. Sisi watu wa huku tunaanika kila kitu: muhogo, wimbi, samaki, magodoro. Kama kina shida, kianike. Nikalitoa debe nikaliweka katikati ya ua, jua la utosi, nikaenda kufua. Niliporudi vile vichipukizi vilikuwa vimekunjamana, ncha nyeusi. Mmea uliozoea giza nimeuanika kama muhogo! Nilipourudisha ndani mama aliutazama, akafumba macho. Siku hiyo hata maji hakuyagusa.

Ndipo nilipomwendea shangazi jikoni, na sikwenda kwa adabu.

“Unamfungia giza nani? Baba kafa, na huyu unataka tumzike lini?”

Nilitegemea kofi. Shangazi, uso umemvimba, akaenda kwenye sanduku la baba. Nguo zake nyingine zilikuwa zimetolewa sadaka, lakini ilibaki kanzu moja kuukuu iliyochanika shingoni, haifai kumpa mtu. Ilikuwa imefuliwa miaka mingi mpaka ukiinua unaona vidole vyako ng'ambo.

“Watu wasimwone,” alisema, “basi. Jua nalo, haya, liingie.”

Tukaitundika dirishani kwa misumari, tukafungua ubao. Mwanga ukaingia mweupe, mpole, wa kukuwezesha kuchambua mchele. Mama akageuka kutoka ukutani. Aliitambua kanzu, niliona aliitambua, maana machozi yalimtoka bila sauti. Nikataka kuishusha. Akatikisa kichwa.

Kuanzia hapo nikawa mtumwa wa lile debe. Asubuhi, jua likiwa bado changa, nililisogeza mpaka chini kabisa ya dirisha. Likipanda na bati likaanza kulia juu ya vichwa vyetu, nililivuta nyuma kidogo, pale mwanga unapofika bila ukali. Alasiri nalirudisha. Na kila siku niligeuza ubavu wa debe, ili mmea usiegemee upande mmoja. Nilijifunza kuutazama wenyewe: ukirefuka na kupauka, una njaa ya jua, ukikunja majani, umeshiba kupita kiasi. Mawingu ya mvua yalipokuja niliacha debe pale pale dirishani mchana kutwa. Nilikosea, nikarekebisha. Mpaka vikatoka vijani vipya, vyekundu kama vimeungua, nikapiga ukelele wa hofu, kumbe ndivyo vinavyozaliwa.

Mama alikuwa akinifuata kwa macho. Mimi huku, macho yake huku. Lakini uji ulikuwa unanyweka vijiko viwili vitatu tu, na sauti hakuna. Usiku nilimwomba Mungu anirudishie hata matusi yake.

Basi asubuhi moja nililishika debe, mawazo yangu yako kwingine, nikaanza kuligeuza.

“Wewe!”

Nikaganda.

“Wewe mtoto, unaligeuza hivyo unakanda unga? Jana si uliligeuza huko huko? Unaupeleka wapi, Makka? Tazama lile jani la chini, halijaona jua tangu juzi. Una macho au una vifungo?”

Sauti ilikuwa inakwaruza kwa kukaa bure, lakini ilikuwa yake. Nikasema, “Naam, mama.” Nikageuza kule alikotaka. Akasema si hivyo. Nikageuza tena. Akasema nimerithi mikono ya ukoo wa baba yangu, ukoo ambao haujui kushika kitu bila kukimwaga. Kisha akavuta bakuli la uji, akaonja, akakunja uso.

“Na huu nani kaupika? Peleka ukaongezwe maji, uletwe wa moto.”

Nikalichukua bakuli nikakimbia jikoni. Shangazi alikuwa amesimama na mwiko mkononi, amesikia yote, matusi ya ukoo wake pamoja. Nikajiandaa kumwombea mama radhi. Yeye, ambaye hakutoa chozi hata siku ile walipombeba kaka yake kwenda makaburini, alikaa kwenye kibao cha jikoni akafunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika. Nikapiga magoti, nikamkumbatia, tukalia wote wawili juu ya sufuria ya uji.

“Nyinyi mnaolia huko!” mama akapaza sauti kutoka chumbani. “Mimi nina njaa!”