Maji Ambayo Pelagia Hakuyaonja

Ukitaka kumtibua Pelagia nyongo, tamka mbele yake neno "ushirikishwaji". Atatema mate pembeni, ajifute mdomo kwa ncha ya kitenge, kisha akuulize kwa upole unaotisha kama umekuja na gari la serikali au kwa miguu. Aliyekuja kwa miguu atapewa kiti.

Hakuwa hivyo zamani. Hapa Nyamisagara, kitongoji kilichoegemea mlima upande wa Kasulu, hakukuwa na mtu aliyependa wageni kumshinda. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi wakiwa wamembeba mgongoni. Uraia aliupata akiwa tayari na watoto, akaupokea kwa vigelegele. Tangu hapo mkutano wa kijiji haukumpita, na alikaa mbele. Mgeni wa mkutano akifika, kibuyu cha maji kilitoka kwa Pelagia, maji ya chemchemi iliyo chini ya migomba yake, baridi na safi. Yeye huonja kwanza, mgeni hufuata. Ndivyo wafanyavyo watu wa huku: mgeni hapewi kinywaji ambacho mwenyeji hajakionja, maana nani ajuaye kilichomo?

Elisante, afisa mipango wa halmashauri, kijana wa Upareni aliyepangiwa kazi huku, alicheka siku ya kwanza alipoliona jambo hilo.

"Mama, mbona unakunywa maji yangu?"

"Naonja tu, mwanangu. Ujue hayana ubaya."

Akakimaliza kibuyu chote, akasema hata friji haitoi maji kama yale.

Siku hiyo alikuwa amekuja kuwasikiliza wananchi. Maneno yake hayo. Wakachora kitongoji chao ardhini kwa majivu: barabara, kanisa, shule, chemchemi. Kila mtu akapewa punje ya harage aiweke panapomuuma. Maharage yakarundikana kwenye chemchemi mpaka majivu yakafunikwa. Watu walitaka ijengewe, iwekwe bomba, ng'ombe wasiikanyage. Shule ilipata machache. Kwenye mteremko ulio juu ya chemchemi, kando ya barabara, hapakuwekwa hata moja.

Elisante akayapiga picha maharage yale kila upande. Kisha akasimama, akaeleza kwa sauti tamu kwamba fedha zilizopo ni za soko, na soko litajengwa pale juu kando ya barabara, pamoja na choo cha kisasa, ili wapita njia wayaone maendeleo.

"Tuko pamoja, ndugu zangu?"

Hapo ndipo watu walipojikwaa. Huku mgeni haachwi asimame mbele ya mikono iliyonyamaza. Akimaliza kusema hupigiwa makofi, hata kama amesema upuuzi. Ubishi huja baadaye, taratibu, kupitia kwa wazee. Tena walidhani maharage yameshawasemea. Wakapiga makofi. Pelagia naye alipiga, tena kwa nguvu, kwa kuwa alikuwa mbele. Elisante akapanda gari akaondoka na makofi yao kama mtu aliyepewa mkungu wa ndizi bure.

Soko likajengwa, na mpaka leo wapangaji wake ni mbuzi. Nani apande kilima kuuza nyanya wakati gulio liko ng'ambo? Kilichopata wateja ni choo: madereva wa malori, abiria, walevi wanaotoka gulioni. Shimo lake lilichimbwa kwenye mteremko, na masika yaliposhuka, kila kilichokuwa juu kilitafuta njia ya kwenda chini. Chemchemi ikaanza kunuka. Mwanzoni ilikuwa harufu ya kujidanganya, ukasema labda ni majani yaliyooza. Halafu ukaja utando, halafu povu. Pelagia, aliyeinama pale kuteka tangu usichana, alirudi na ndoo tupu, akatapika kwenye migomba.

Wenye miguu ya kutosha wakahamia mtoni, mbali. Claudine, binti yake, alikuwa na homa siku moja, akashindwa kufika huko. Akateka palepale. Kuni zilikuwa zimelowa, hakuchemsha. Mwanawe Irakoze akaharisha mpaka macho yakazama. Hospitali ya Kabanga walimwokoa, Mungu awabariki, lakini mtoto alirudi mwepesi kama kuku mgonjwa.

Pelagia akaenda kwa Makarius, mwenyekiti wa kitongoji. Hakutaka makubwa. Alitaka choo kifungwe kabla ya mvua nyingine, maji yapone, mjukuu wake anywe.

"Nimeshafikisha neno huko juu," Makarius alisema, akikagua kucha zake. "Wanasema mlikubali wenyewe. Mlipiga makofi."

"Tulimpigia mgeni!"

"Kwao makofi ni makofi, mama Claudine."

Kutoka siku hiyo alivionea kinyaa hata viganja vyake mwenyewe.

Kisha Elisante akarudi na msafara wa maofisa wa wilaya nyingine waliokuja kujifunza. Kujifunza! Walikuja kuona "mradi ulioibuliwa na wananchi". Mbuzi walifukuzwa asubuhi, mavi yao yakafagiliwa, viti vya plastiki vikapangwa, Makarius akavaa koti. Elisante akawaonyesha wenzake picha ya maharage kwenye simu. "Hizi ndizo kura zao," akasema. Zilikuwa zimewekwa wapi, hakusema. Akamwona Pelagia akija na kibuyu, akachangamka.

"Huyu ndiye mama yetu! Huku wana mila nzuri sana, mwenyeji huonja kwanza. Mama, hebu waonyeshe wageni."

Pelagia akamkabidhi kibuyu kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Hakuonja.

Wenyeji walishtuka, bibi mmoja alijiziba mdomo. Tabasamu la Elisante lilianza kukauka. Harufu ilikuwa imeshamfikia, na maofisa waliokaa karibu walivuta viti nyuma.

"Mama, hujaonja."

"Oya, hapana, sionji. Ni ya chemchemi ileile uliyoisifu. Siku hizi yanapita kwanza chooni kwako. Mjukuu wangu ameshatuonjea sote, akalazwa Kabanga. Sasa ni zamu yako, mwanangu. Kunywa, au ufunge choo."

Elisante akakitazama kibuyu, akawatazama wenzake. Akakiweka chini taratibu, mbali na viatu vyake, akafungua chupa yake ya maji ya dukani, akanawa vidole. Aligeukia umati kwa sauti yake ileile tamu.

"Basi, ndugu zangu, tuko pamoja?"

"Makofi kwa mgeni!" Makarius akadakia.

Pelagia akaificha mikono yake ndani ya kitenge. Alisubiri kusikia makofi nyuma yake, hayakuja. Ofisa mmoja wa ugenini aliinua viganja apige, akaona yuko peke yake, akavirudisha magotini.