Somo la Zebaki Lililofika Jikoni Kabla ya Darasani

Saa mbili kasorobo asubuhi, wiki ya mwisho ya muhula, Mwalimu Babra Abbo anaingia darasa la senia tatu, mkono mmoja umeshika ndoo ya chupa za maabara, mwingine umeshika viatu. Mvua imenyesha usiku kucha na uwanja wa shule ni tope tupu. Anavaa viatu mlangoni, anapangusa meza kwa kiganja, kisha anauliza swali ambalo halimo katika silabasi yoyote ya kemia.

"Nani alitazama somo jana?"

Mikono karibu yote inapanda.

"Haya. Na nani nyumbani alitazama pamoja na wewe?"

Hapo darasa linachangamka. Mmoja ametazama na nyanya yake, ambaye alitaka tu kujua kwa nini madamu amekonda. Isaac ametazama na kaka yake wa bodaboda, aliyeanza kukoroma kabla chumvi haijayeyuka. Msichana wa dawati la mbele anasema baba yake alisikiliza somo zima, kisha akauliza kama hiyo asidi inaweza kuua kupe wa ng'ombe.

Wenzake wanacheka. Mwalimu hacheki.

"Alisema atajaribu?"

"Hapana, madamu. Aliuliza tu."

"Ukirudi leo mwambie hapana. Mwambie mimi nimesema hapana. Halafu kesho uje uniambie amejibu nini."

Mgeni akiona hivyo atadhani huyu ni mwalimu mwenye wasiwasi wa bure. Walimu wenzake, katika shule hii ya sekondari ya wilaya ya Busia, upande wa Uganda, hawadhani hivyo. Wanajua wasiwasi huo ulizaliwa wapi, na unawauma wao pia.

Mwalimu Abbo ana miaka thelathini na minne. Alizaliwa Kisoko, Tororo, kwa wakulima wa mtama na mihogo, na lugha ya kwao ni Kidhopadhola. Kati ya lugha za huku Busia, Kisamia anajua salamu tu, na Kiteso hata salamu humshinda. Kwa hiyo huku alikoletwa na kazi, anazungumza na wazazi kwa Kiswahili, kile kile cha kuuzia na kununulia mpakani.

Alipoanza kazi, kemia yake ilikuwa ya chaki. Kipindi ni dakika arobaini. Anaandika, wanafunzi wananakili, mkono unauma, kengele inalia. "Tulikuwa tunamaliza muhula hatujawasha hata kiberiti," anasema. "Mtoto anakuambia rangi ya moto wa shaba ni kijani, na hajawahi kuuona."

Kisha akahudhuria mafunzo fulani, akajifunza namna ya kupindua mambo. Mwalimu anarekodi somo kwa simu, mwanafunzi analitazama nyumbani, na muda wa darasani unabaki kwa maswali na majaribio. Mwalimu Abbo akarudi na moto kichwani. Akafunga simu yake kwenye nondo za dirisha kwa kamba ya mgomba, akaanza kujirekodi. Wenye bando walitumiwa somo, wasio nalo waliazimana memori kadi. Wiki nyingine alitoa shilingi elfu kumi za mfukoni kuwanunulia bando, na mshahara wake si wa kutambia.

Wanafunzi wakamwita Madamu Pindua. Jina likashika mpaka mlinzi wa geti akalizoea.

Na kazi ikaonekana. Waliokuwa wakisinzia wakaanza kugombania chupa za majaribio. Alama zikapanda. Kikwazo kilikuwa kimoja: simu nyingi ni za wazazi, na mzazi hapendi simu yake ishikwe jioni nzima. Mwalimu Abbo akakipatia dawa. Kila somo akalifundisha kwa Kiingereza, kisha akalirudia kwa Kiswahili.

"Mzazi akisikia simu yake inaongea maneno asiyoyajua, ataichukua," anaeleza. "Akisikia Kiswahili, ataketi. Nilitaka waketi. Nilijisifu sana kwa hilo."

Waliketi kweli. Mmoja wao alikuwa Maggie Taaka wa Tiira, mjane, mwosha dhahabu, mama wa msichana aliyeitwa kichwa cha darasa, Shallon Nabwire.

Tiira ni mashimo na mashamba. Wanaume hushuka kuchimba, na wanawake wengi husaga mawe na kuosha unga wake katika beseni. Ukishaoshwa, hutiwa zebaki, ambayo wao huiita mekyuri, ili ishike punje za dhahabu. Linalopatikana ni donge dogo la kijivu. Donge linachomwa, zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Kwa miaka yote Maggie alichomea nyuma ya nyumba, juu ya kipande cha bati, upepo ukimpiga mgongoni. Hiyo nayo haikuwa salama, lakini upepo ulimhurumia.

Mwaka jana, muhula wa pili, somo lilikuwa la kutenganisha vitu kwa kuvichemsha na kupoza mvuke wake. Mwalimu Abbo alianza na mtambo wa kupikia pombe kali ya waragi, ambao huku hauhitaji kuelezwa na mtu. Kisha, akitaka somo lifanane na maisha ya watoto wake, akasema kwamba hata zebaki ya Tiira ni hivyo hivyo: ukinasa mvuke wake na kuupoza, unarudi kuwa zebaki. Akamalizia na swali, kama alivyofundishwa kwamba somo zuri humwacha mwanafunzi na njaa.

"Kwa nini basi wachimbaji wetu hawafanyi hivyo? Fikirini. Jumatatu tutajibu."

Jibu alikuwa nalo. Mvuke ule ni sumu, hauonekani wala haunuki, na mtu hapaswi kuuchezea ndani ya nyumba hata kidogo. Hilo alilitunza kwa ajili ya darasani, wapate kulijadili. Ndivyo njia yake inavyotaka.

Jumatatu hakuwepo. Alikuwa ameitwa Tororo mjini kuwaonyesha walimu wa sayansi jinsi anavyopindua darasa. Walimpigia makofi, wakapiga naye picha. Kipindi kikasogezwa mpaka Alhamisi, na hakuna aliyeona tatizo.

Tiira, Maggie naye alikuwa amelifikiria swali. Alilifikiria kuliko mwanafunzi yeyote.

"Mimi nilisikia madamu nauliza kwa nini sisi hatufanyi," anasimulia, ameketi kwenye kigoda mlangoni pake. "Nikasema, ni kwa sababu hakuna mtu alitufundisha! Mekyuri ni ghali. Kila siku nachoma, naona pesa yangu nakwenda na upepo. Sasa huyu mwalimu ametupa akili. Nikaita Shallon, nikasema leta sufuria mbili."

Walifunika sufuria moja kwa nyingine, wakaweka juu yake kitambaa chenye maji. Upepo ulikuwa ukiusumbua moto, kwa hiyo wakaingia jikoni na kufunga mlango. Shallon alikuwa akitoka na kurudi kuchota maji ya kulowesha kitambaa. Mama alibaki ndani anachochea.

Walipofunua, matone ya rangi ya fedha yalikuwa yamejipanga chini ya sufuria ya juu. Maggie alipiga vigelegele. Mchumia juani hulia kivulini, lakini yeye siku hiyo aliona amepata hata kuchumia kivulini. Wakarudia kesho yake, na kesho kutwa.

Alhamisi asubuhi Shallon alifika shuleni amekumbatia kifuani kuku aliyefungwa miguu kwa utambaa. Huku kuku si zawadi ya mchezo. Humpi mtu kuku kwa sababu amekusalimia vizuri.

"Mama amesema asante kwa somo," Shallon alimwambia mwalimu mlangoni mwa ofisi.

Mwalimu Abbo alifurahi mno. Walimu wenzake walimtania, wakasema nao kuanzia sasa watapindua hata historia. Hakuuliza ni somo gani lililostahili kuku. Katika yote anayoyajutia, hilo analirudia mara nyingi kuliko mengine.

"Ningeuliza pale pale, angalau siku ile mama asingechoma tena," anasema. "Lakini nilikuwa nimetoka kupigiwa makofi Tororo, halafu naletewa kuku. Kichwa kilikuwa kimevimba. Sikuuliza."

Saa sita aliingia darasani, akaandika swali ubaoni. Mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa Shallon.

"Madamu, tumefanya! Ile kitu inarudi kweli! Mama ameshika yote!"

Darasa likashangilia. Mwalimu Abbo akaweka chaki chini.

"Mlifanyia wapi?"

"Jikoni."

"Mlango ulikuwa wazi?"

"Tulifunga, madamu. Upepo ulikuwa unasumbua moto."

Hakumaliza kipindi. Alipanda bodaboda na Shallon mpaka Tiira, wakamkuta Maggie, aliyekuwa amechoma tena asubuhi ile, amelala, anakohoa, mwili wa moto, akisema mdomo una ladha ya chuma. Alikuwa ameshameza dawa za malaria. Walimpeleka hospitali siku hiyo hiyo. Kifua kilipona baada ya majuma. Mikono haikupona.

Mpaka leo inatetemeka. Akinywa chai hujaza kikombe nusu, kisha hukibana kwa viganja viwili. Daktari amemwambia akikaa mbali na zebaki huenda mtetemo ukapungua, ila hakumwekea siku. Beseni la dhahabu ameliuza. Shallon, aliyekuwa akimwagia maji kitambaa, alipimwa akaonekana mzima. Lakini aliacha shule kabla ya muhula kwisha. Sasa hununua nyanya mashambani na kuziuza sokoni Busia, na nyumba inakula kwa jasho lake.

Majuto ni mjukuu, wasema wahenga. Kwa Mwalimu Abbo mjukuu huyu amekuja kabla mvi hazijaja. Hakuna aliyemshtaki. Mkuu wa shule, Mzee Mangeni, alimtetea mbele ya wazazi. Maggie mwenyewe hakusema neno baya, na ndilo jambo gumu zaidi. "Angenitukana ningejua pa kusimama," asema mwalimu. "Yeye ananikaribisha chai."

Alitaka kuacha kurekodi kabisa, wanafunzi wakamsihi. Akaendelea, lakini kwa utaratibu mwingine. Hatari sasa ndiyo ya kwanza katika kila somo, kwa Kiswahili, kabla hata ya salamu. Swali la kuwaacha na njaa analiuliza darasani tu, akiwapo mwenyewe. Na kila asubuhi lazima ajue ni nani nyumbani alitazama. "Nilidhani darasa langu lina wanafunzi arobaini," anasema. "Kumbe lilikuwa na mama zao pia, na mimi sikuwahesabu."

Kila Jumamosi huenda Tiira. Huzungumza na waosha dhahabu, huwasihi wasichomee ndani, wasichome karibu na watoto, na wakiweza waiache zebaki kabisa. Wengine humsikiliza. Wengine humuuliza kama ana kazi nyingine ya kuwapa, naye hana. Kisha hupita kwa Maggie.

Jumamosi iliyopita alimkuta Shallon uani, anachambua nyanya, zilizoiva upande mmoja, ngumu upande mwingine, zilizooza kando. Muhula mpya unafunguliwa Jumatatu ijayo. Mwalimu akachuchumaa, akaanza kuchambua naye.

"Shallon, nafasi yako ipo. Mzee Mangeni amekubali uingie senia tatu bila maneno."

"Mimi ndio nilimwonyesha mama, madamu. Ile simu nilishika mimi."

"Na mimi ndiye niliyekuwa ndani ya simu."

Msichana akageuza nyanya moja mkononi, akaitupa upande wa zilizooza.

"Nikirudi, mimi sitaki ile ya simu," akasema. "Simu ikinyamaza siwezi kuiuliza. Siku ile nilitaka kuuliza, madamu. Nilitaka kuuliza kama ni sawa kufunga mlango. Simu ilikuwa imenyamaza."

Mwalimu Abbo aliinama akajifanya anatafuta nyanya iliyobingirika.

"Nitakufundisha mbele ya macho yako," alisema. "Kwa chaki, tangu mwanzo. Kama ni wewe peke yako, basi wewe peke yako, saa kumi jioni wenzako wakitoka."

"Na sokoni nani atakwenda?"

Sauti ya Maggie ikatoka ndani. "Nitakwenda mimi."

"Mama, mikono yako..."

"Nyanya nabeba na kichwa, si mikono. Kichwa yangu iko mzima. Wewe nenda shule."

Shallon hakusema ndiyo. Alisema ataona, akarudi kwenye nyanya zake.

Walimu wa Tororo wamemwalika tena Mwalimu Abbo kwenda kuwaonyesha njia yake, safari hii pamoja na wenzao wa Kwapa, na siku waliyoipanga ni Jumatatu hiyo hiyo ya kufungua shule. Amewajibu waje wao Busia, siku nyingine yoyote. Atawafundisha namna ya kupindua darasa, na atawaeleza lote, pamoja na sufuria mbili na mlango uliofungwa.

Alipoulizwa anatarajia nini, hakutaja vyeti wala alama. Aliangalia barabara ya Tiira, tope lake jekundu likiwa bado kwenye viatu vyake.

"Sitaki Shallon anisamehe," alisema. "Nataka aje aniulize maswali, nami niwepo."