Neno la Mama wa Chatsworth

"Boflo ni neno la nchi gani?" Mwanamume mwenye rungu aliniuliza mimi badala ya mama, labda akidhani mtoto hajui kudanganya.

Kila nikipita kwenye bekari moja ya Umbilo, huku Durban, Afrika Kusini, harufu ya mkate mweupe hunirudisha kwenye kibaraza cha duka letu. Wiki hiyo wageni walikuwa wakipigwa na maduka yao kuchomwa moto. Mama alikuwa ametukataza Kiswahili barabarani. Lakini mwanamume yule na wenzake walipompokonya mkate wetu na kuukanyaga, Kimombasa kikamponyoka: "Baba, niachie boflo, mtoto hajala."

Rungu lilimpiga begani. Nilisikia mfupa ukilia.

"Jibu, wewe," akaniambia.

Jirani yetu muuza mitumba, mama wa Chatsworth kutoka jamii ya Wazanzibari walioishi Durban kwa vizazi vingi, akajitia kati. "Eish, mwanangu, hilo ni neno letu. Bibi yangu kazaliwa hapahapa Durban akilisema. Na yeye utamfukuza, kaburini?"

Mwenye rungu akampiga mdomoni. Mama yule akatema jino na damu, akarudia maneno yaleyale, polepole. Waliamini, au walichoka. Wakahamia duka lililofuata.

Nilipokuwa chuo kikuu nilitafuta asili ya neno hilo, na hakuna kamusi iliyoniridhisha. Nikaenda Chatsworth kumwuliza yule mama bibi yake alilitamkaje. Akaniambia kwamba mpaka mama yangu alipolisema siku ile, yeye hakuwa amewahi kulisikia.